Chagulaga ya Geita Mjini

Evance, kijana wa miaka kumi na tisa, alikutana na Noela kwenye foleni ya chipsi karibu na stendi ya Geita, alipomkanyaga kiatu cheupe.

"Samahani, dada."

"Kiatu hakisikii samahani. Wa wapi wewe?"

"Mwanza."

"Mwanza ipi yenye lafudhi ya Kishapu?"

Gauni la njano la Noela lilimkaa vizuri, naye alilijua hilo. Wakapeana namba.

Jumamosi Noela alitimiza miaka kumi na minane. Kwenye sherehe vijana wa mjini walikuwa na vepu, sigara za umeme zenye harufu ya stroberi. Suzana, shoga yake, akawapanga mstari, Evance akiwamo.

"Chagulaga, Noela. Mwenye wingu kubwa la moshi ndiye bwana."

Kijijini kwa kina Evance, kwenye chagulaga, msichana akizungukwa na vijana huchagua mmoja, na anayeondoka kabla ya kuchaguliwa huchekwa msimu mzima. Evance hakuwahi kuvuta chochote. Alivuta mpaka machozi yakamtoka. Noela naye akaweka moja mdomoni, akapigwa picha, kisha akamshika mkono.

"Huyu."

Walipendana miezi minane. Evance alivuta kila walipokutana, kisha chooni kwenye chuo cha ufundi alikosoma, kisha kabla hajapiga mswaki. Mgodi ukamwita kwa kazi ya ufundi chini ya ardhi, kazi aliyoitegemea apate mahari ya Noela. Kwenye vipimo vya afya akapuliza mashine ya mapafu mara tatu.

"Una pumu ya utotoni na bado unavuta?" daktari aliuliza, akaandika: Hafai.

Alimpigia Noela.

"Mpenzi, nimefeli kipimo cha mapafu. Ni vepu."

"Kwani huachi tu?"

"Si ndiyo iliyofanya unichague?"

"Mimi sivutagi, Evance. Siku ile niliweka mdomoni nikatoa. Ningekuchagua hata ungepuliza maji. Nimevumilia ile harufu nikidhani unaipenda."

"Naacha leo. Tuonane, mama."

Walionana Jumapili mgahawani. Evance alimwomba amsubiri mwaka mmoja, atafute kazi, wafunge ndoa. Katikati ya maneno hayo alitoka nje mara mbili. Aliporudi mara ya pili, Noela alikuwa amesimama na mkoba begani.

"Tumekaa nusu saa. Umetoka mara mbili."

"Nilikuwa napokea simu."

"Simu yako iko mezani, Evance. Siolewi na mtu asiyeweza kukaa na mimi nusu saa."

Akatoka. Evance alimfuata mbio akipandisha barabara. Alipofika kwenye duka la dawa kifua kilibana, akashika ukuta. Alijaribu kuita jina, sauti haikutoka. Noela alipanda bajaji bila kugeuka, kwa kuwa hakusikia mtu yeyote akimwita.