Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Mwaka huu wa 1997 tunakarabati ngome ya Wareno hapa Maskati. Leo jua likizama nikakumbuka nimesahau dele langu la kahawa chumba cha juu. Bawabu, mzee Bakhit, akanionya nisipande. Yeye magharibi ikiingia hapandi huko hata umkokote. Nikamcheka. Mimi mtoto wa Unguja, nimetishwa na mashetani wa kila aina tangu utotoni.

Juu nikamkuta mzungu amekaa chini, mgongo ukutani, midomo imepasuka. Nikadhani ni mmoja wa wataalamu wanaopima kuta. Ila alinuka… chumvi, na baruti iliyolowa. Adabu ikanitangulia, nikammiminia kahawa.

Akanywa. Akanyoosha kikombe.

Nikamimina tena.

Kwetu hapa Omani mgeni akitosheka hutikisa kikombe. Asipotikisa, mwenyeji humimina. Kuacha ni aibu, na mama yangu, Bi Masouda, niliyehama naye Unguja, amenilea niogope aibu kuliko njaa. Kikombe cha kumi. Cha ishirini. Dele lile la vikombe sita halikuisha. Nikageuka kuutazama mlango.

Ukuta.

Dirisha nalo limebaki upana wa kiganja. Niliogopa, sifichi. Nilitaka kuliweka dele chini, mkono ukamimina wenyewe.

"Usiwache," akanong'ona, kwa Kiswahili cha mabibi zetu. "Ngome yetu ya Hormuz keshaichukua Mngereza. Mholanzi yuko baharini. Watu wa Imamu wako mlangoni. Kisima kimekauka."

"Mlifuata nini huku?"

Akafikiri sana.

"Pilipili," akasema, akanyoosha kikombe.

Hapo nikatambua. Maskini, hakuna aliyewahi kumfundisha. Nikamshika mkono, baridi kama samaki wa barafu, nikautikisa.

"Ukitosheka, fanya hivi."

Akakitazama kikombe. Akakitikisa mwenyewe, taratibu. Akatabasamu. Mlango ukawa mlango, naye akatangulia kutoka.

Bakhit alikuwa akinisubiri chini ya ngazi. Nikamwambia juu kulikuwa na mzungu. Akanieleza kuwa Wareno wa mwisho walijifungia kule juu mpaka kiu ikawamaliza. Kisha akaniuliza kama nilimpa kitu. Nikamwambia kahawa, na kwamba nilimshika mkono. Akarudi nyuma, akanipisha mbali.

Nimefika nyumbani na kiu. Mama ameniwekea tende, akanimiminia. Kikombe cha pili. Cha tatu. Nimetosheka.

Mkono hautikisiki.

Nimejaribu, wallahi nimejaribu. Unajua kunyoosha tu. Nataka kusema basi, ulimi umejaa chumvi.

"Kwani una nini, mwanangu?" ameuliza mama, akimimina.

Sasa haulizi tena. Analia kimya kimya, mkono wake unamimina wenyewe, na dele halijaisha.

Mlango uko nyuma yangu. Naogopa kugeuka.