Mtani Asiye na Haya

Kitu cha kwanza kilichomtia Recheli wasiwasi kilikuwa kigoda. Ilikuwa Oktoba, mtaa wote wa Itetemia, Tabora, unachemka, bati linalia juu ya vichwa, hata kuku wamejificha chini ya ghala na midomo wazi, na Mtani alikuwa ndiyo kwanza ameondoka baada ya kukaa uani tangu asubuhi akichekesha watu. Recheli akavuta kigoda alichokuwa amekalia Mtani ili naye akae amnyonyeshe mwanawe, akaruka. Kilikuwa cha baridi. Si baridi ya kivuli, baridi ya jiwe la ndani ya kisima, na kilinuka chuma kilicholowa.

"Mama," akamwita mama mkwe wake, "hebu shika hapa."

Bi Martha akashika, akacheka. "Makalio ya Wazaramo hayo. Yamekaa sana pwani, hayajakauka."

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mtani, kila jambo lake liliishia kwenye kicheko. Alikuja na msiba. Siku ya kumzika Mzee Mayala, mume wa Bi Martha, jeneza likiwa tayari ukingoni, mwanamume mrefu, kavaa vizuri, meno meupe, aliruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu Mnyamwezi huyu babu yake alikuwa mpagazi wa babu yangu na alitoroka na mzigo njiani. Watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko na machozi bado yanatiririka. Ndiyo kazi ya watani. Tangu enzi za misafara ya kwenda pwani na kurudi, Mnyamwezi na Mzaramo wanatukanana, wanaingiliana majumbani, wanabebeana kuku, na mwenye kuku hanuni. Akapewa jogoo wake. Jina hakuna aliyemuuliza. Mtani ni Mtani.

Kesho yake Recheli alimkuta yule jogoo nyuma ya choo, manyoya yote yapo, shingo nzima, mwepesi kama boksi tupu. Akasema labda ni kicheche. Ukiwa na mtoto mchanga na msiba nyumbani, unasema labda, unaendelea na kazi.

Mtani naye akawa haishi kuja. Mchana mmoja aliingia uani bila hodi, akapiga makofi. "Wanyamwezi, nimefuata changu!" Bi Martha, aliyekuwa anapepeta mpunga, akamnyakua mjukuu wake Shukrani kwenye mkeka, akamtupia mapajani. "Chako hiki hapa! Mke wako huyu, mchukue umlee mwenyewe, sisi tumechoka kufua nepi!" Bibi gani wa Tabora hajawahi kumwambia mtani maneno hayo? Majirani wakacheka. Mtani naye akacheka, lakini alichelewa kidogo, aliwatazama kwanza wenzake usoni, ndipo akacheka. Halafu akasema polepole, "Umenipa mbele ya watu."

Baada ya hapo Shukrani akaanza kupauka. Hakuwa na homa, hakuharisha, ananyonya vizuri tu, lakini ukimfunua kope kwa ndani ni kweupe kama karatasi. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Minyoo, hakuna. Akapelekwa hospitali, akaongezewa damu, akarudi nyumbani mashavu yamejaa, anarusha miguu, na jioni ileile Mtani akaja kumpa pole, akainama juu ya mtoto, akavuta pumzi ndefu puani kama mtu anayepita karibu na jiko la mchuzi. "Mmemtilia mpya," akasema. Damas, mume wa Recheli, akacheka mpaka akakohoa.

Recheli hakucheka. Kuanzia siku hiyo alianza kumchunguza Mtani kama anavyochunguzwa mtu anayekusudia kukuposea dada.

Akamfuma saa ya jua kali, saa ambayo watu wote wamelala kwa joto. Alikuwa ametoka bombani na ndoo kichwani, akasikia kutoka chumbani kwake sauti ndogo, kama ya mtoto anayevuta soda iliyokwisha kwa mrija, ikakatika, ikaanza tena, akaishusha ndoo taratibu isigonge chini, akasogea mlangoni na harufu ya chuma kilicholowa imemjaa kooni, akasukuma pazia kwa kidole, na pale kwenye kigoda alikuwa amekaa Mtani, Shukrani yuko mapajani macho wazi, halii, na Mtani amekishika kile kisigino kidogo kwa mikono miwili kama anavyoshikwa muhindi wa kuchoma, mdomo umegandana nacho, koo linapanda na kushuka.

Aliinua macho. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomwondoa Recheli usingizi siku nyingi kuliko damu yenyewe: mwizi akifumwa hushtuka, hata paka hushtuka.

"Wewe ndiye mwenye makosa," Mtani akasema kwa upole, akijifuta mdomo kwa kanga ya mtoto. "Mama gani anaacha mtoto peke yake? Ungekuwepo ningekunywa?" Alipoona Recheli amevuta pumzi ya kupiga yowe, akaanza kulia. Akalia vizuri sana, mabega yanatetemeka, amini, amini, njaa tu dada yangu, sirudii. Lakini alilia kwa jicho moja. Lile jingine, kavu, lilikuwa linamtazama Recheli katikati ya vidole.

Yowe likaleta watu, na watu wakamkuta Mtani uani anakunywa maji, anatikisa kichwa kwa huzuni. "Uzazi unachosha akili jamani. Msimseme vibaya." Damas akamwamini. Usiku huo mume na mke walilala migongo imetazamana.

Bi Martha ndiye aliyekubali kumleta Mzee Shaban, mganga wa mjini, siku ambayo Damas hakuwepo. Mzee wa watu alikuja na chetezo chake, akafukiza ubani, akamkalisha Mtani, aliyekubali kwa kicheko, kwenye moshi, akamwuliza kwa heshima anavyouliza jini lolote: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini ili utuachie mtoto? Na Mtani akajibu kila kitu. Alitoka kwenye njia ya zamani ya Ujiji, alisema, alizoea kunywa wapagazi waliougua wakaachwa porini, anaomba mbuzi mweusi na maneno mazuri, akipewa haya hatamgusa mtoto tena, akaapa, akagusa ardhi, Bi Martha akalia kwa huruma. Mbuzi akachinjwa. Kabla nyama haijaiva, Recheli aliingia chumbani akakuta kisigino cha Shukrani kinavuja.

Mzee Shaban alikaa chini kama mtu aliyetukanwa na mwanawe. "Nimesema na majini makali," alinong'ona. "Lenye kupasua vichwa vya watu nimesema nalo. Jini likiapa linaapa, mama. Lina haya zake. Hili halina haya. Mimi siwezi kupatana na kisicho na haya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo limepewa mtoto kwa utani, mbele ya watu. Kilichotolewa kwa utani hakirudi kwa ubani. Kinarudi utani ukifa, na utani unakufa mtani akinuna. Lakini huyu mmewahi kumwona amenuna?"

Recheli akampigia simu mdogo wake Kulwa, anayesomea uuguzi Mwanza, akamwaga yote bila kupumua.

"Dada," Kulwa akasema, "toa ubani, toa jini, hebu niambie tabia tu. Ana maneno matamu?"

"Kama asali ya Sikonge."

"Anaongopa hata pasipo haja?"

"Yule fundi Mgogo anayetujengea ukuta, yeye kamwambia ni Mhehe, mtani wake. Sisi katuambia ni Mzaramo."

"Akikosea anamlaumu aliyeumia. Majuto hana, machozi anayo. Watu kwake ni vyombo, akishiba anaviacha."

"Kulwa, umemwona wapi?"

"Darasani. Somo la magonjwa ya akili. Kuna watu huzaliwa au hukua bila dhamiri, dada, ndani hamna kitu, wanajifunza huruma kwa kutuangalia sisi kama mtu anavyojifunza kucheza muziki asiousikia. Sasa kunywa damu halimo kwenye somo, hapo sikusaidii." Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha woga. "Ila sikiliza. Mtu wa hivyo usimbembeleze, usimlilie, usimwambie fikiria mtoto. Unampigia mlango ambao nyuma yake hamna mtu. Kitu kimoja tu kinamwuma: kuonekana mdogo. Hebu fikiria, mmewahi kumcheka?"

"Kila siku tunacheka."

"Mnacheka anachotaka mcheke. Yeye mmewahi kumcheka?"

Recheli alikata simu, akakaa. Woga haukumtoka. Ila chini ya woga pakawa na kitu kingine, kigumu, kama punje ya mtama kwenye jino.

Siku ya kuanua tanga la Mzee Mayala ukawa mchana mweupe, ua umejaa ndugu, majirani, kwaya ya Moraviani, masufuria ya wali. Mtani amekaa katikati, anasimulia, watu wanashika mbavu. Recheli alijifunga Shukrani mgongoni akakaza kanga mpaka ikamuuma. Maziwa yalikuwa yanamvuja kwenye gauni. Akasimama mbele yake hivyohivyo.

"Mtani! Leo zamu yangu kukutukana."

Watu wakapiga vigelegele. Mtani akafungua mikono. "Tukana, mke wa wapagazi."

"Jamani, mmewahi kumwona akilia? Analia kwa jicho moja, jingine linachungulia nani ameamini!" Kicheko. "Fundi, huyu kwako nani?"

"Mhehe huyo, mtani wangu," fundi wa Kigogo akajibu, mdomo umejaa wali.

"Kwetu Mzaramo! Kabila lake linategemea jikoni wamepika nini!" Ua ukalipuka. "Akivunja sahani, sahani ndiyo ilikaa vibaya. Akiiba, mwenye mali ndiye alizubaa. Na mtazameni anavyocheka sasa, mtazameni: anaangalia kwanza nani kacheka, ndipo naye afungue meno. Mtani, kicheko chako kimeachwa na treni!"

Hata Damas alicheka hapo, halafu akanyamaza, akamtazama Mtani usoni kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma kibao alichokuwa akipita kila siku.

"Dada yangu amechoka," Mtani akaanza, ile sauti ya upole, "uzazi..."

"Sijachoka. Umelala kwenye kaburi la baba mkwe wangu, umelia kuliko sisi. Alikuwa anaitwa nani?"

Mtani akatabasamu. Akazungusha macho ua mzima akitafuta midomo, lakini hakuna aliyemsaidia.

"Huyu niliyembeba umempakata kila siku. Jina lake nani? Huyu bibi anayekupikia? Basi mimi. Mimi naitwa nani, Mtani?"

Mwanakwaya mmoja akacheka, pembeni, kicheko chembamba cha aibu kwa niaba ya mtu. Kikaambukiza. Wakaanza kumcheka Mtani. Si pamoja naye. Yeye.

Ndipo tabasamu likakaa pale lilipokuwa lakini uso nyuma yake ukaondoka, na baridi ikatambaa kutoka kwenye kile kigoda ikapita chini ya mikeka mpaka wazee wakainua miguu, mvuke ukakatika juu ya masufuria, harufu ya chuma kilicholowa ikajaa ua wote kama machinjioni asubuhi, na sauti ikatoka ambayo haikuwa na upole wala hasira ya mtu, ikisema mna majina ya nini, nimewanywa tangu babu zenu wakibeba pembe, nilikuwa nawaokota njiani kama mtu anavyookota maembe, kibuyu kina jina, mtungi una jina, mnataka niwajue kwa majina nyie vyombo, nyie vyombo, nani amewaruhusu kunicheka?

Shukrani akalia mgongoni. Recheli alitaka kukimbia, kila mshipa ulimwambia kimbia, akakanyaga chini kama mtu anayepigilia kigingi, hakukimbia.

"Mama," akasema bila kugeuka. "Muulize."

Bi Martha akasimama, na sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba. "Mtani, umenuna?"

"Nimenuna!"

"Basi utani umekufa. Nilichokupa kwa utani mbele ya watu, mbele ya watu hawa hawa nimekichukua. Toka uani kwangu."

Hakupasuka wala hakuwa moshi. Alisimama tu, akanyoosha kola, akatoka kupitia geti, akashika barabara ya magharibi katika jua la saa saba, na watu waliosimama getini wanasema alipita kwenye lile vumbi lote, vumbi halikuinuka.

Shukrani akarudiwa na rangi. Damas aliomba radhi mara moja, kisha akaomba tena vizuri, kwa kupika. Recheli angeweza kuishia hapo. Lakini Bi Martha ana ndugu Usinge, na ndugu huyo alipopiga simu kuwaambia wana msiba, alisema: lakini angalau tumepata mtani, jamani, mwanamume mchekeshaji huyo, anaapa tukizika atashuka kaburini adai jogoo, na mkwe wetu aliyejifungua juzi amecheka kwa mara ya kwanza.

Recheli akapanda treni ya Kigoma na mtoto mgongoni. Damas akabeba mfuko. Njia nzima aliogopa, na kila stesheni alijiambia shuka urudi, na kila stesheni hakushuka.

Walifika Usinge wakati kaburi liko wazi. Mtani alikuwa chini humo, chali, mikono nyuma ya kichwa, watu wamejaa ukingoni wanacheka. Alimwona Recheli. Akatabasamu, akampungia mkono kama rafiki wa siku nyingi, bila kinyongo hata kidogo, kana kwamba hapajawahi kutokea kitu kati yao.

Recheli hakumpungia. Alipita katikati ya wanawake mpaka kwenye mkeka wa yule mzazi mchanga, akakaa bega kwa bega naye, mahali ambapo kutoka kaburini lazima aonekane.

"Pole na msiba, mdogo wangu," akamwambia. "Mimi naitwa Recheli, nimetoka Tabora. Mtoto mkaze mgongoni. Halafu sogea, nikufundishe namna ya kumcheka yule."