Nani Alisema "Kuja"?

Kila Jumamosi Awuor alimsaidia mama yake, Philister, katika hoteli yao ndogo ya samaki pale Uthiru. Alimenya vitunguu, alipangusa meza na alilalamika. Kati ya kazi hizo tatu, ya mwisho ndiyo aliyoifanya kwa bidii zaidi.

Mbele ya hoteli palikuwa na uwanja wa magari sita; yakibanana, saba. Ukutani kulikuwa na kibao: MAGARI YANAEGESHWA KWA HATARI YA WENYEWE. HATUTAWAJIBIKA. Aliyeutawala uwanja huo ni Mzee Kiilu, soja aliyelinda geti, mwenye jaketi la kijani linalong'aa. Gari likirudi nyuma, Kiilu aliita, "Kuja, kuja, kuja," kisha akaligonga buti kwa kiganja. Maana yake: simama. Madereva walikiamini kiganja hicho kuliko vioo vyao.

Jumamosi hiyo Philister alimtuma Awuor kuleta unga kutoka duka la ng'ambo ya barabara. Awuor aliitazama barabara, akalitazama jua, kisha akamtazama Mzee Kiilu aliyekuwa amekaa tu kwenye kiti chake.

"Mzee Kiilu, si uniletee unga? Mguu unaniuma."

"Upi?"

"Huu. Na huu pia."

Kiilu akacheka. "Mama yako alinikataza kuacha geti."

"Ni dakika mbili tu. Hatajua."

Kiilu alimpenda mtoto huyo, na hilo ndilo lililomponza. Alivua jaketi akalitundika kwenye kiti, kama wale wa ofisini wanaoacha koti kitini ili ionekane hawajaenda mbali. Akavuka barabara.

Hapo akatokea Quincy, waliyesoma naye darasa moja. "Niaje, Awuor? Umeandikwa usoja?"

Awuor hakuhitaji kuchokozwa mara mbili. Alilivaa jaketi, likamfika magotini, akapiga saluti. Quincy alicheka mpaka akashika ukuta.

Mara teksi ndogo ikaingia, ikaanza kurudi nyuma. Dereva hakutoa hata kichwa nje. Aliona kijani kwenye kioo, akatulia.

"Kuja, kuja, kuja," Awuor akaita kwa sauti nzito ya Kiilu, huku akikata kiuno. Aligeuka kuona kama Quincy bado anacheka. Kiganja kikasahau buti.

Kraa.

Nguzo ya tangi la maji, iliyokuwa mwisho wa uwanja, haikutikisika. Taa ya nyuma ya teksi ndiyo iliyomwagika chini, vipande vipande. Quincy alikumbuka ghafla kwamba kwao anaitwa. Awuor alilirudisha jaketi kitini kabla dereva hajashuka, akakimbilia jikoni na kushika kisu na kitunguu. Machozi yalianza kumtoka, lakini kitunguu humpa mtu ruhusa.

Kiilu alirudi, akampitishia unga kwenye dirisha la jikoni, akavaa jaketi lake bila kujua lolote. Dereva, mwanamume mwembamba aliyeitwa Lazarus, alikuwa ameinama nyuma ya gari.

"Mzee, mbona umenifanyia hivi?"

Philister alitoka akijifuta mikono. Aliiona taa, akaonyesha ukuta. "Pole, kaka. Lakini soma kibao."

"Nimekisoma, dada. Kama ningejiegeshea mwenyewe, ningenyamaza. Mimi nimeitwa na mtu wenu, ndani ya jaketi lenu. Na bila taa siwezi kubeba abiria. Watoto wangu wanakula kwa gari hili."

Philister alimgeukia Kiilu. "Wewe ndiye uliyemwita?"

"Sikuwa hapa, Mama Awuor."

"Ulikuwa wapi?"

Kiilu aliangalia dirisha la jikoni, kisha viatu vyake. "Nilitoka kidogo."

Mzee alikuwa amebanwa kotekote. Akisema alikuwepo, amevunja taa. Akisema hakuwepo, ameacha geti. Jina moja tu lingemwokoa, na alikuwa amelimeza.

"Geti nilikuonya," Philister akasema. "Vua jaketi, Kiilu. Nenda nyumbani."

Kiilu akaanza kuvuta zipu. Ilikwama katikati ya kifua. Akaivuta tena taratibu, kichwa chini, mbele ya wateja wote. Awuor aliomba zipu hiyo ikwame mpaka mwaka ujao. Ikaachia.

"Ni mimi," Awuor akasema mlangoni pa jikoni.

"Ni wewe nini?" mama akauliza. "Weka chini hicho kisu kwanza."

Awuor aliweka kisu chini, akasema yote: unga, jaketi, kiuno, hata miguu isiyouma. Sauti ilimkatika njiani mara mbili.

"Kumbe nimeelekezwa na mtoto," Lazarus akasema. "Uko gredi ya ngapi?"

"Ya sita."

"Na mimi nilikuamini kama polisi wa trafiki."

Philister akamwambia Lazarus, "Kaka, hapa kibao hakinisaidii. Mtoto ni wangu na jaketi ni langu. Namwita fundi wangu wa Dagoretti akuwekee taa leo hii, gharama juu yangu. Wewe ingia ule." Akamgeukia Kiilu. "Nisamehe. Nimekufukuza kabla sijakuuliza vizuri. Lakini geti usiliache tena, hata kwa huyu."

"Nimesikia, Mama Awuor."

Awuor naye alimwomba Kiilu msamaha, kisha Lazarus. Alipangiwa kuosha sufuria zote kila Jumamosi mpaka shule zifungwe. Hakulalamika, na wateja wa kila siku walishangaa.

Teksi ilipoondoka na taa mpya, mama alimkalisha Awuor. "Yule kaka hakukuona wewe kwenye kioo. Aliona jaketi, akatuona sisi sote. Ukimwelekeza mtu, yanayompata ni yako pia. Taa imechukua nusu saa kuwekwa. Lakini ungemwacha Kiilu aende nyumbani bila kazi, huku wewe ukimenya vitunguu, hilo hakuna fundi mwenye spea ya kulitengeneza."