Nyota Katika Maneno ya Mama

Kila asubuhi Dafrosa alifagia uwanja, kisha akakoroga uji. Bado mkono ulisahau ukatoa bakuli tatu, akairudisha moja. Mama yake alifariki wakati wa mvua za mwaka jana. Baba, mzee Kasimiri, alikunywa uji akitazama mlango, na nyumba yao pale Puge ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Mama alipokuwa mgonjwa, jioni alimweleza Dafrosa mambo ya nyuki: miti inayochanua, namna ya kufukiza moshi, wakati wa kurina asali. Kesho yake Dafrosa aliyaandika kwenye kompyuta ya shule kabla hayajamtoka. Alitumia programu ya kuandikia iitwayo Emacs na alama ziitwazo Org alizofundishwa na Mwalimu Octavian: nyota moja (*) kwa kichwa kikubwa cha habari, mbili kwa kidogo, kistari kwa orodha. Wenzake darasani walipaka vichwa vya maandishi yao rangi.

"We Dafrosa, kuku amepita kwenye kioo cha kompyuta yako?" mmoja wao, Koleta, alimcheka.

Kisha kompyuta ikafa. Fundi aliyeahidiwa hakutokea.

"Siku ya kuzindua kompyuta wakubwa walikuja na kamera," baba alinung'unika. "Siku ya kutengeneza, wana mkutano."

Ikabaki flashi yenye nakala ya maandishi yake, ambayo Dafrosa aliivaa shingoni kwa uzi. Aliogopa kwamba maneno ya mama yamefungiwa humo milele.

Jumamosi yeye na baba walifika Tabora mjini, kwenye duka la kuchapa la Bernardo.

"Shikamoo. Naomba unichapie faili langu la Emacs," Dafrosa alisema, akimpa flashi.

"Marahaba, binti. Emacs? Hapa hatuna."

Baba alikwisha kugeuka. "Si nilikwambia? Vitu vyao vyote ni vya kutuzungusha!"

"Mzee, subiri." Bernardo alilifungua faili kwa programu ya kawaida. Maneno yakatokea yote, na nyota zake. "Kumbe ni maandishi matupu, yanafunguka popote! Ngoja nifute huu uchafu wa nyota."

"Usifute!" Dafrosa alipaza sauti. "Nyota ndizo zinazoonyesha vichwa. Mwalimu alisema zipo programu nyingine zinazozielewa."

Bernardo alitafuta mtandaoni, akapata moja, akaipa lile faili. Nyota zikageuka vichwa vinene, vistari vikawa orodha. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi nne.

Baba alisoma taratibu, kidole juu ya neno. Kichwa cha mwisho kilisema: *Baba Dafrosa*. Chini yake: "Akinuna, usimbishie. Mpe uji kwanza. Na asirine mzinga wote, awaachie nyuki masega mawili wasihame."

Baba akacheka, macho yamemlowa.

"Mwanangu, wakubwa wana makosa, na kesho nitawasema tena. Lakini mwaka mzima wa kulaumu haukunifungulia hata herufi moja. Wewe ulichekwa, ukaendelea kuweka nyota zako moja moja, kwa utaratibu. Ndiyo maana leo mama yako tumemkuta. Kazi uifanye hivyo siku zote, hata kama hakuna anayekutazama."

Alizikunja karatasi, akazitia mfukoni mwa shati.

"Twende nyumbani. Uji wa leo nakoroga mimi."