Philomena Ajifunza Kudai Malipo Yake

Kila asubuhi, pale kijijini Gitting, Philomena alikamua ng'ombe na kuwasha moto. Kisha alimshika mkono mama mkwe wake na kumpeleka nje. Mama Konsolata alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli tu. Baada ya hapo Philomena alinawa, akafungua kompyuta na kuanza kazi yake ya pili, kazi ya uandishi.

Hakuajiriwa na mtu. Aliwaandikia watu risala za harusi, katiba za vikundi na matangazo ya redio. Kazi hazikukosekana, ila hela ndiyo ilikuwa haionekani. Philomena alikuwa amechoka, na usingizi haukuuondoa uchovu ule.

Daktari alisema Mama Konsolata afanyiwe upasuaji. Isidori, mume wa Philomena, alitaka kuuza ng'ombe wao wa maziwa, na walikuwa na huyo mmoja tu. Philomena alimzuia. Aliahidi kulipia upasuaji yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameandika kitabu kizima cha kilimo cha ngano kwa ajili ya kampuni moja ya mbegu. Mwenye kampuni, Sulle, alikuwa wa ukoo wa Isidori. Kitabu kilishachapwa. Wakulima walikuwa nacho mpaka vijiji vya mbali kama Hirbadaw, lakini mwandishi hakuwa amelipwa hata shilingi.

Siku moja alikwenda tena nyumbani kwa Sulle, Balangdalalu. Alipokewa vizuri mno. Aliulizwa habari za mama, za mwanawe Yonas na wadogo zake, za mvua na za ng'ombe. Chai ya maziwa ililetwa, na makande. Sasa mtu atadaije hela huku anatafuna chakula cha shemeji yake? Kwao hiyo ni aibu kubwa. Philomena alikula, akashukuru, akaaga. Sulle alimsindikiza hadi barabarani na kumpa maharage ndoo nzima.

"Shemeji, umetusaidia sana na kile kitabu," alisema. "Mungu atakulipa."

Philomena alipanda bodaboda, amepakata ndoo yake. Alitamani kulia. Mungu alikuwa amebebeshwa deni lisilo lake.

Jumamosi alikuja jirani yao, Gaudensia. Huyu alikuwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo mjini Katesh. Philomena alimweleza yote.

"Mama Yonas, ulimtajia bei kabla ya kuanza?" Gaudensia aliuliza.

"Hapana. Nilidhani anajua kwamba kazi inalipwa."

"Atajuaje? Wewe ni mke wa ndugu yake. Umeandika, akakupa maharage, ukapokea. Kwake yeye mambo yameisha."

Maneno yalimuuma Philomena kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Gaudensia hakumwacha hapo. Alimwambia kwamba bei hutajwa kabla ya kazi, na makubaliano huandikwa, hata kwa ujumbe wa simu: kazi gani, kwa bei gani, italipwa lini. Ni vizuri kuomba sehemu ya malipo mwanzoni. Kazi ikikamilika, mwandishi anapeleka ankara, yaani karatasi ya kudai malipo. Humo anaandika jina lake na la mteja, tarehe, namba ya ankara, kazi aliyofanya, kiasi anachodai, siku ya mwisho ya kulipa, na akaunti au namba ya simu ya kupokelea. Nakala moja anabaki nayo. Kampuni nyingi zitataka pia namba ya mlipakodi. Na zikikata kodi, aombe hati ya kuthibitisha kwamba kodi hiyo imekatwa.

"Na usimfuate nyumbani," aliongeza. "Nyumbani kwake wewe ni mgeni. Nenda ofisini, huko wewe ni mwandishi."

Philomena alimwandikia Sulle ujumbe wa heshima na kumtajia bei. Siku kadhaa zilipita bila jibu. Siku zile Philomena hakuweza hata kula vizuri, akifikiri ameuvunja ukoo. Hatimaye simu iliita.

"Shemeji, mimi nilijua ni msaada wa nyumbani," Sulle alisema. "Ungesema mapema. Bei hiyo ni kubwa, tuipunguze kidogo."

Walipatana. Philomena alipeleka ankara ofisini kwa mkono wake, akasalimia, akaikabidhi kwa mhasibu Evarist. Evarist alisema bila karatasi kama ile asingeweza kutoa hela, hata kama bosi angetaka. Kabla ya siku ya mwisho, malipo yaliingia kwenye simu. Hayakufikia bei aliyotaka kwanza, na kodi ilikatwa. Yalitosha kwa jicho moja.

Wiki ileile mzee Gidabuday alikuja kutaka katiba ya kikundi cha wafugaji. Philomena alimwamkia shikamoo, akamkaribisha chai, kisha akataja bei kabla kikombe hakijaisha. Mzee alifikiri, akakubali, na akalipa nusu palepale. Mteja mwingine aliposikia bei aliondoka na hakurudi. Philomena alimwacha aende zake, naye akalala mapema siku hiyo.

Mama Konsolata alipasuliwa jicho la kulia. Ng'ombe alibaki zizini. Kesho yake, pale hospitali, muuguzi alimfungua bandeji. Mama alipepesa jicho. Alitazama dirisha, akamtazama mwanawe Isidori na kutabasamu. Kisha alimgeukia Philomena, akamtazama kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kumbe umekonda hivi."