Nani Aliharibu Kisima cha Tryphena

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Tryphena alimfunua mjukuu wake wa miezi miwili akaona midomo imegeuka buluu. Hospitalini Voi, damu ya mtoto ilitoka ya kahawia. Alidungwa dawa akapona, lakini daktari alisema sumu ilitoka kwenye maji ya kuchanganyia maziwa ya kopo.

Saa nane mchana, afisa wa afya Rachel Mukonyo alifika Mbololo, kijijini kwa Tryphena. Kando ya kisima, wanaume walikuwa wamemzingira Musyimi, mchunga ng'ombe kutoka Ndara.

"Alhamisi alikuwa hapa na gunia," mmoja alisema. "Ametia kitu!"

"Ni chumvi ya ng'ombe," Musyimi alisema. Gunia bado alikuwa nalo. Rachel akalifungua: mabonge ya chumvi tu.

"Mama, mtoto alianza kubadilika lini?" Rachel alimuuliza Tryphena, aliyekuwa amerudi kutoka hospitalini.

"Kucha zilianza Jumatatu ile ya wiki jana. Nikadhani ni baridi."

"Basi ni siku tatu kabla Musyimi hajafika hapa. Mwachieni."

Rachel alichovya karatasi ya kupimia majini. Ikawa rangi ya waridi iliyokolea.

"Ni nitrati, chumvi ya mbolea. Mtu mzima anaweza kunywa asihisi kitu. Mtoto mchanga inamnyima hewa."

"Lakini mimi huchemsha!"

"Ukichemsha inazidi kukolea, mama."

Rachel alipanda mteremko hadi shamba la nyanya la Mzee Obadiah, hatua thelathini juu ya kisima. Mchanga ulikuwa umelowa chepechepe. Chini ya banda alihesabu magunia tisa matupu ya mbolea, na shamba lenyewe halikufika nusu ekari. Mzee alimkaribisha maji kutoka kwenye mtungi wa plastiki.

"Haya ni ya wapi, mzee?"

"Ya Voi. Bodaboda huniletea."

"Na kisima kiko hapo chini. Tangu lini hunywi maji yake?"

Obadiah aliweka kikombe chini polepole.

"Tangu Machi. Afisa wa kilimo alipima maji ya kisima, akaniambia mbolea inayozidi inazama na maji mpaka kisimani. Niweke kidogo kidogo, nipunguze kumwagilia."

"Ukajikinga peke yako. Na leo ukaacha Musyimi azingirwe."

"Binti yangu Shanice anafanya kazi Doha, huu mwaka wa sita," alisema, macho yakiwa kwenye nyanya. "Siku anaondoka aliniambia, baba, shamba likiweza kutulisha nitarudi. Kila nikiona jani la manjano, naona mwaka mwingine bila yeye. Naongeza mbolea."

Rachel hakumhurumia kwa maneno. Alimshusha kisimani, na mzee akakiri mbele ya wote. Musyimi alibeba gunia lake akaondoka. Tryphena alisema, "Obadiah, ungenigongea mlango tu uniambie." Rachel alipiga marufuku maji yale kwa watoto wachanga. Yangechukua miaka kuwa safi tena, hata mbolea ikipunguzwa leo.

Jioni Obadiah alimpigia binti yake, akamweleza yote.

"Shamba bado halijaweza, mwanangu. Njoo hivyo hivyo."



"Yale yalikuwa maneno ya kuagana tu, baba," Shanice alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja uniite."