Kitabu Nyuma ya Rafu

Nyumbani walimwita Kinyaa, na jina lenyewe alikuwa amelipata kihalali. Kila asubuhi alikagua kikombe chake ndani na nje kabla ya kutiliwa chai, na akiona utando wa maziwa unaelea juu, chai hiyo wanywe wengine. Sabuni yenye unywele hakuigusa. Kaka yake akitaka sahani ya pili alipiga chafya mezani tu, basi, chakula cha Kinyaa kikahamia kwake. Mama alisema amejizalia bibi afya.

Likizo ile mama alishinda kazini, kwa hiyo Kinyaa, aliyekuwa darasa la sita, alifuatana kila siku na dada yake kwenda maktaba ya chuo. Dada alisomea uuguzi. Alikuwa amepewa kazi ya kuandika makala kuhusu namna magonjwa ya tumbo yanavyoenea shuleni, na mkufunzi wao hakuwa mtu wa mzaha. Kila hoja ionyeshe imetoka kitabu gani, ukurasa gani, na asiyekabidhi Ijumaa atarudia mwaka. Kitabu kilichofaa kuliko vyote kilikuwa kimoja tu, kinene, chenye jalada la kijani, na hakikuruhusiwa kutoka nje ya maktaba.

Vitabu Kinyaa alivipenda. Waliomshinda ni wasomaji. Alikaa akiwatazama wakilamba kidole, wakifunua ukurasa, wakilamba tena kidole kilekile, watu wazima wanaosomea kutibu wagonjwa. Hata katika kitabu cha kijani, kwenye sura ya kunawa mikono, mtu alikuwa ameacha alama ya kidole chenye mchuzi. Kinyaa alifunua kurasa kwa ncha ya penseli.

Jumatano jioni kengele ya kufunga ililia dada akiwa bado nusu ya kazi. Alijua Mama Pacha naye anakitaka kitabu hicho. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzake mwenye watoto mapacha, na alipata nafasi ya kuja pale tu jirani alipokubali kumshikia wanawe. Dada aliangaza huku na huku, kisha akamvuta mdogo wake hadi kwenye rafu ya mwisho, pembeni kabisa, ambako ukuta umepakana na vyoo.

"Mkono wako mwembamba," alinong'ona. "Kipenyeze hapo nyuma, kesho tutakitoa. Si wizi huu, hakitoki nje."

Nyuma ya rafu kulikuwa na vumbi, utando wa buibui na harufu isiyoelezeka. Malaika zilimsimama Kinyaa. Lakini dada ni dada, ndiye aliyemsuka nywele na kumfundisha kusoma. Alibana pumzi, akafumba macho, akakisukuma ndani.

Alhamisi asubuhi walimkuta Mama Pacha keshafika. Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa akipekua rafu moja baada ya nyingine. Kinyaa alidhani dada atajikausha tu akae zake. Wapi. Dada aliweka mkoba chini akaanza kutafuta pamoja nao. Alipanda hata juu ya stuli, akatazama juu ya kabati, akashauri kwa upole kwamba huenda mtu amekichanganya na vitabu vya lishe.

"Asante, mwenzangu," alisema Mama Pacha, machozi yakimlengalenga. "Mwingine angeniacha nihangaike peke yangu."

"Usijali. Leo mimi, kesho wewe."

Roho ilimchafuka Kinyaa. Hapo hapakuwa na uvundo wala nzi. Alimtazama dada yake akitabasamu juu ya stuli, akahisi kichefuchefu kilekile cha kuona unywele kwenye sabuni. Aliona aibu kuwa ndugu yake. Mama Pacha alikwenda kukaa mbele ya karatasi tupu, na Kinyaa hakuweza kumwangalia.

Wakati wa chakula cha mchana wengi walipotoka, dada alimkonyeza wakaenda kwenye rafu ya mwisho, akitoe kitabu wakisome hapohapo kwa siri. Kinyaa alipeleka mkono nyuma ya rafu akagusa kitu laini, chenye utelezi. Bomba la chooni lilikuwa limevuja usiku kucha kupitia ukutani. Kitabu kilitoka kikitiririka maji ya njano, jalada limevimba, na mende mnene akajitokeza taratibu katikati ya kurasa. Kinyaa alikitupa sakafuni akaziba mdomo asitapike.

Dada aliziba pua, akarudi nyuma. Alimwambia akirudishe kulekule. "Hakuna aliyetuona."

"Mimi nimekuona," alisema Kinyaa.

"Umeniona nini?"

"Ukimsaidia Mama Pacha kukitafuta. Dada, heri mende."

Kinyaa aliinama. Yeye ambaye hakugusa hata kikombe cha mtu mwingine alikiokota kitabu kile kwa mikono miwili, mitupu, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko. Alipita nacho katikati ya meza. Wasomaji waliobaki walisimamisha vidole nusu ya safari ya kwenda mdomoni. Alikiweka kwenye kaunta mbele ya mkutubi.

"Nilikificha mimi," alisema.

"Nilimtuma mimi, mama," ilisema sauti nyuma yake. Dada alikuwa amemfuata, ameinamisha kichwa.

Mama Pacha aliinuka akamtazama dada, amekunja uso kana kwamba harufu yote ile inatoka kwake. "Na ukapanda stuli," alisema tu.

Mkutubi hakupiga kelele. Alivaa glavu, akapachika karatasi kavu kati ya kurasa, akakianika kitabu dirishani. Sura mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika kabisa, lakini nyingine zilisomeka, pamoja na orodha ya marejeo mwishoni. Aliwaonyesha kwamba vitabu na majarida kadhaa yaliyotajwa humo yalikuwa mlemle maktabani, na hakuna aliyekuwa amejisumbua kuyaulizia. Kisha akatoa amri: dada na Mama Pacha watasoma meza moja hadi wamalize, na dada atasafisha rafu zote, nyuma na mbele, mpaka mwisho wa muhula. Mama Pacha hakumsemesha dada siku nzima, isipokuwa kumtajia nambari za kurasa. Hata hivyo, Ijumaa wote wawili walikabidhi makala zao.

Jioni hiyo dada alikuwa amepiga magoti pembeni, mkono wote umezama nyuma ya rafu ya mwisho, akitoa utando na vinyesi vya mende kwa kitambaa. Kinyaa alisimama akimshikia ndoo. Mkutubi alikuja akawapa kipande cha sabuni, kipya, kisicho na unywele.

"Maji ya chooni yananuka, lakini hii inayaweza," alisema. "Kumnyima mwenzako kitabu, kisha ukapokea asante yake, huo ni uchafu usiotoka kwa sabuni. Hutoka kwa kusema kweli, na mdogo wako ndiye aliyeanza kukuosha. Haya, nendeni mkanawe."